Usonji: Bunia ianzie siku ya kupima kilo

Mtoto wa miezi tisa anapopelekwa kuchanjwa surua, hupimwa kilo, karatasi yake hujazwa, na mama hurudi nyumbani. Dakika mbili zaidi zingemtosha muuguzi kutafuta dalili za usonji: kumwita mtoto kwa jina kutoka nyuma yake, aone kama anageuka. Akifikisha mwaka na nusu, atazamwe kama anaonyesha kwa kidole anachokitaka. Asiyegeuka huenda ana shida ya masikio, hivyo apimwe kusikia. Lakini mafunzo ya mzazi yasingoje jibu hilo, wala yasimngoje daktari bingwa kutoka Kinshasa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafunza walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye shida za ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, bila kudai hati ya ugonjwa, na wanaofundisha si lazima wawe mabingwa. Umeshafanyiwa majaribio Kenya na Ethiopia. Mzazi hukaa chini, uso kwa uso na mtoto, akaufuata mchezo wake. Mtoto akipanga vizibo vya chupa, mzazi naye huongeza kimoja, hutamka “kizibo”, kisha hunyamaza na kungoja. Kungoja ndiko kugumu, na ndiko kunakompa mtoto nafasi ya kujibu.

Wapo watakaosema mkoa wa Ituri, ulipo mji wa Bunia, wenye vita na kambi za wakimbizi wa ndani, hauna nafasi ya usonji. Mimi naona vita ndivyo vinavyozidisha haraka. Mtoto mwenye usonji hutegemea siku zinazofanana. Kukimbia usiku na kulala chini ya turubai penye kelele humvuruga kuliko wenzake, na akiitwa watu wakikimbia huenda asigeuke. Watu wa kuzifikia familia wapo: wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu waliokutana na mgonjwa walifuatiliwa kila siku kwa siku 21. Ila wahudumu wa jamii wamechoka kujitolea; kazi hii walipwe.

Pingamizi zito zaidi ni la chanjo: ukichunguza usonji siku ya sindano, mzazi atadhani sindano ndiyo iliyouleta. Utafiti wa Denmark wa 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano huo kwa chanjo ya surua. Basi muuguzi amtazame mtoto kabla ya kumchoma, na amweleze mama waziwazi kwamba usonji hutokana na jinsi ubongo unavyokua, mara nyingi kwa urithi. Si uchawi, wala si kosa lake. Maelezo hayo ayapate baba pia, na bibi, kabla mtoto hajafungishwa katika chumba cha maombi.