Kijahazi cha Palma na foromali iliyopotea

UKIPITA nyumbani kwangu Palma jioni, wanafunzi wakishatawanyika, utanikuta barazani nimekaa mkekani, katikati ya magoti nimebana jahazi. Si lile la kubeba saruji na mafuta ya kula kutoka Mtwara. Ni kijahazi cha sentimita 60 kutoka omo hadi shetri, chenye mkuku, mataruma, mbao zilizokalafatiwa kwa pamba na usukani unaogeuka. Kimepungukiwa na kitu kimoja, na hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya: foromali, yaani ule mti mrefu unaofungiwa tanga.

Wapo wanaoniona mwalimu mzima, niliyevuka miaka arobaini, nachezea vitu vya watoto. Sibishani nao. Kweli nilianza utotoni.

Mwaka 1987, nikiwa na miaka saba, wazazi wangu walivuka Ruvuma kukimbia vita. Tukafikia upande wa Mtwara, na huko nikasoma shule ya msingi mpaka kidato cha nne. Watoto wa wakimbizi hatukuwa na mpira wa dukani, lakini pwani tulikuwa nayo. Tulichonga ngalawa kwa soli za malapa yaliyotupwa na bahari, matengo tukafanya ya vijiti, tanga la mfuko wa plastiki. Maji yakitoka na kuacha madimbwi, tulizishindanisha. Ndipo nilipojua kwamba ngalawa isiyo na uzito chini hulala ubavu, na tanga likikazwa mno chombo hakiendi. Ndugu msomaji, kama nawe ulikulia ng'ambo ile, najua umetabasamu.

Mwaka 1999 nikarudi Palma. Kireno sikijui. Ilinibidi nikae darasani kama mtoto mdogo kabla sijaruhusiwa kuwafundisha watoto wa wenzangu. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa kama bubu mbele ya karatasi yoyote ya serikali. Mahali nilipokuwa na ulimi ni pwani, kwa mafundi wa vyombo. Kule mkuku ni mkuku, uwe umetoka Mtwara, Kionga au hapa hapa. Nikawa nashinda huko.

Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anaunda jahazi la dhiraa 30. Nilimwomba anionyeshe mchoro wake. Akacheka sana. Mafundi wa pwani yetu hawatumii mchoro; chombo kimo kichwani na machoni, na mkononi kuna kijiti chenye alama. "Wewe mwalimu chonga kidogo, mimi nitakwambia ulipokosea," akasema.

Basi nikachonga. Kila dhiraa moja ya jahazi lake nikaipa sentimita mbili. Akilaza mkuku, nami nalaza wangu. Akisimamisha taruma la mkoko lililopinda kwa asili yake, natafuta kijiti kilichopinda vivyo hivyo, maana hakutaka kusikia habari ya kupinda kwa moto. Mara tatu aliniambia nibandue mbao za ubavu kwa sababu chombo "kimenona upande mmoja". Kazi ile ilichukua mwaka na miezi. Jahazi lake lilishuka majini kabla ya langu.

Mbao zina uchungu wake, lakini elimu kubwa imo kwenye kamba. Hapa nina ugomvi na vijahazi vinavyouzwa kwa watalii. Vingi vyao mlingoti umesimama wima kama wa bendera, ilhali mlingoti wa jahazi huinamia omo. Kamba zimegandishwa kwa gundi. Jarari haipiti kwenye kapi, kwa hiyo foromali haishuki wala haipandi. Na demani, kamba inayolizuia tanga lisikimbie na upepo, imefungwa pasipokuwa na maana. Ni pambo la kabatini. Kijahazi kilichofungwa sawasawa unaweza kukichukua mbele ya darasa, ukasimamisha foromali wima, ukaipitisha mbele ya mlingoti na kulipeleka tanga upande wa pili, kama wafanyavyo mabaharia wanapobisha. Mtoto akiona mara moja anaelewa kwa nini kazi ile inahitaji watu wengi wenye nguvu.

Na kuna vyombo ambavyo visingekuwa na mifano tungebaki kuvihadithia tu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, chenye tanga la mkeka, kilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Leo umbo lake tunalijua kwa picha za zamani na kwa mifano kama iliyoko Makumbusho ya Lamu. Zanzibar nao waliunda mmoja mkubwa miaka ya 2000, ukawekwa Beit el Ajaib, jumba ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Hata malapa yetu yalipata heshima: jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na malapa, lilisafiri hadi Zanzibar mapema mwaka 2019. Niliposoma habari ile nilijiona kama fundi aliyetangulia wakati wake!

Nisitoke nje ya mada. Jumatano ya tarehe 24 Machi 2021, Palma ilipovamiwa, niliondoka na familia na mfuko mmoja. Kijahazi kilibaki juu ya kabati. Tulipita Kitunda, kisha tukapata mashua hadi Pemba, tukateremkia Paquitequete pamoja na wengine wengi. Mzee fundi naye alifika Pemba kwa njia yake, na huko ndiko alikofariki.

Mwishoni mwa 2022 tukarudi. Nyumba haina bati, kabati halipo. Kijahazi nilikikuta uani kwa jirani, kimechimbiwa kidogo mchangani kisipinduke, kuku wanakunywa maji ndani yake. Mlingoti, foromali, tanga na kamba zote zimekwenda. Nadhani kamba zilifunga kitu chenye haja zaidi. Jirani aliona haya, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia asiombe. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, na chini mchanga mkavu: kalafati ya mzee haikuvuja tone.

Mlingoti nimeurudisha, kwani tundu lake na pembe yake vimo mkukuni. Foromali haina tundu. Kijiti changu cha vipimo kilipotea, na jahazi lenyewe halionekani tena. Wapo wanaosema liliuzwa Msimbati, wapo wanaosema limeozea Olumbi. Niliwauliza manahodha wawili waliolijua. Wa kwanza akasema foromali ilikuwa dhiraa 27. Wa pili akaapa ni 30, sawa na chombo chenyewe.

Mwalimu wa hesabu akikwama hufanya jaribio. Nikakata foromali mbili, nikashona matanga mawili ya marikani, farumi nikaweka chubwi za wavuvi, nikaenda pwani na wanafunzi wa darasa la sita wakati wa kusi. Ya dhiraa 30 ilikilaza kijahazi mara moja. Ya 27 ikakilaza pia, ila polepole. Wanafunzi wakafurahi kupita kiasi, nami nikarudi nyumbani kwa aibu, kwa sababu nilipaswa kulijua jambo hili kabla. Dhiraa ni kiasi cha sentimita 46, kwa hiyo nimekipunguza chombo kama mara 23 kwa urefu. Eneo la tanga limepungua zaidi ya mara 500, lakini uzito unaokishikilia chombo majini umepungua zaidi ya mara 12,000. Upepo wa Palma haukupungua hata kidogo. Kijahazi daima kitaonekana kimezidiwa na tanga, hata kikiwa sahihi. Bahari ya ukubwa huu haiwezi kunijibu swali langu. Watajibu watu waliolipanda jahazi lile.

Na watu hao wametawanyika. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko foromali yenyewe. Darasani nina watoto waliokulia Montepuez na Mueda, bara, mbali na maji. Nilipouliza omo ni ipi, mmoja alinionyesha usukani. Baba yake ni baharia.

Nimeanza kuuliza wafanyabiashara. Mwezi uliopita nilimkuta mama mmoja anayeuza samaki wakavu na vitenge, Kilambo anapajua kama jikoni kwake. Zamani, kabla ya kupita barabara, alikuwa akisafiri na jahazi lile. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Mwalimu, mambo ya dhiraa sijui," akasema. "Ila tukitia nanga, foromali wakiishusha, mimi nilikuwa naanika kanga pale nchani, nje ya shetri, juu ya maji. Moja ilianguka ikaenda na mkondo. Kanga mpya, sijaivaa hata siku moja."

Nilirudi nyumbani nikalaza foromali zote mbili juu ya kijahazi, kitako cha kila moja mahali pake upande wa omo. Ncha ya dhiraa 27 inaishia ndani ya shetri. Ya 30 inatoka nje sentimita tatu, yaani dhiraa moja na nusu. Panatosha kuanika kanga.

Limebaki moja. Foromali ndefu kiasi kile haiwi mti mmoja. Huungwa kwa miti inayopishana na kukazwa kamba. Ilikuwa miwili au mitatu? Mama yule hakumbuki, amesema kaka yake aliyeko Mikindani huenda anajua. Kama wewe uliwahi kulipakia sukari au korosho, ukaegemea mti ule na kuhesabu mafundo kwa sababu ya uchovu wa safari, nitumie salamu kwa yeyote anayekuja Palma. Mvinje nimeshaukata. Uzi wa kufungia bado.