Herufi Zilizomezwa

Sogeeni wajukuu zangu. Hadithi ya leo ni ya Kiingereza, na mhusika wake ni mdogo kuliko punje ya mtama: ritifaa. Ndiyo, hiyohiyo mnayoiandika kwenye ng'ombe, ila kwa Waingereza ina kazi nyingine.

Mwingereza akipiga soga hasemi "I am" kwa kituo. Anayabana maneno mawili kuwa moja, herufi inamezwa, inabaki "I'm". Ritifaa inakaa palepale ilipokuwa ile herufi. "They are" inakuwa "they're". Katika "he'd" ya "he would" zimemezwa herufi nne, na alama bado ni moja!

Lakini kisa kitamu ni cha "it is". Enzi za Shakespeare watu walipenda kuimeza herufi ya mbele, wakasema "'tis". Baadaye mtindo ukabadilika, ikawa inamezwa ya nyuma, ndiyo "it's" ya leo; "'tis" wakaachiwa washairi. Na washairi wetu wanaujua mchezo huo: mizani ikizidi, hudondosha herufi na kuweka ritifaa.

Wapo waliochukia. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mtunzi wa safari za Gulliver, aliwakejeli katika gazeti la The Tatler watu wanaokatakata maneno. Kejeli haikusaidia kitu.

Sasa mtego. "The dog wagged its tail": mbwa alitikisa mkia wake. Hapo "its" haina ritifaa, kwa sababu hakuna kilichomezwa. Jaribuni kusoma "it is" au "it has" mahali pake. Sentensi ikigoma, msiweke alama. Waingereza wenyewe hukosea kila siku, na katika karne ya 17 wengi waliiandika hiyo ya umilikaji kwa ritifaa, wala hakuna aliyewapiga kalamu nyekundu.

Kwenye barua ya kuomba kazi, andikeni maneno kamili. Kwenye mazungumzo, baneni mtakavyo, isipokuwa mahali pamoja. Mtu akikuuliza "Are you hungry?", ukajibu "Yes, I'm", atabaki anakutazama akingoja umalizie. Neno la mwisho ndilo linalobeba mkazo, na chenye mkazo hakimezeki. Jibu ni "Yes, I am". Ukiwa umeshiba, "No, I'm not" ni sawa kabisa: mkazo umehamia kwa "not".