Nakala ya data isilale chumba kimoja na seva

CHAMA cha akiba au shule huko Kiogoro, Kisii, huweza kuweka kumbukumbu zake zote ndani ya seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine. Zipo seva za faili, za baruapepe na za hifadhidata.

Nyingi huwa na diski kadhaa zilizounganishwa kwa mfumo wa RAID, ili moja ikiharibika kazi isikatike. Hata hivyo, mfumo huo si nakala ya akiba. Karani akifuta daftari la michango kimakosa, hufutika kwenye diski zote papo hapo. Moto nao hauchagui diski. Machi 10, 2021, moto ulipoteketeza kituo cha seva cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, baadhi ya wateja walipoteza data zao kabisa.

Faili ikifutwa, acheni kuitumia seva mara moja kisha mwiteni fundi. Kwenye diski ya sumaku, faili hiyo hubaki hadi nyingine iandikwe juu yake.

Lililo bora ni kuwa na nakala tatu katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali, mathalani mjini Kisii. Jaribuni kuzirejesha mara kwa mara. Akiba haiozi, lakini yafaa kukaguliwa.