Fahamu Namna Mifumo ya Serikali Inavyopokea Maombi na Taarifa kutoka Ngara na Biharamulo

Lori linalobeba shehena kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda husafiri zaidi ya kilomita 1,200. Hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha Benako wilayani Ngara, kabla ya kufika Rusumo. Taarifa za shehena hiyo husafiri kwa njia ya mtandao na zinapaswa kulitangulia lori. Zikichelewa, lori husimama, na mwenye mzigo hubeba gharama.

Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Rusumo kilizinduliwa Aprili 6, 2016 na Rais wa Tanzania wakati huo, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, pamoja na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Katika kituo hicho, msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili sehemu moja, upande wa nchi anayoingia. Utaratibu wa kituo cha pamoja unatumika pia katika mpaka wa Kabanga na Kobero, kati ya Tanzania na Burundi. Ili maofisa wa pande mbili wafanye kazi kwa pamoja, mifumo ya kompyuta inayowahudumia haina budi kuwasiliana.

Ombi na jibu

Mawasiliano hayo huanza kwa ombi. Wakala wa forodha anapowasilisha tamko la mzigo katika Mfumo wa Forodha wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TANCIS), kompyuta yake hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu. Seva humtambua mtumiaji, hukagua taarifa alizojaza, huzihifadhi, kisha hurudisha jibu. Hatua hizo hizo hufuatwa mfanyabiashara wa Biharamulo anapoomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI.

Kila jibu huambatana na namba ya hali ya ombi. Namba 200 humaanisha kuwa ombi limepokelewa na kushughulikiwa. Namba zinazoanza na 4, kama vile 404, huashiria kasoro katika ombi lenyewe: anuani imekosewa au taarifa hazikukamilika. Namba zinazoanza na 5, kama vile 503, huonesha kuwa tatizo liko upande wa seva. Katika hali hiyo, kujaza fomu upya hakusaidii. Mtumiaji asubiri au awasiliane na taasisi husika.

Hali inayohitaji umakini zaidi ni ile ambapo jibu halifiki kabisa kwa sababu mtandao umekatika. Kukosekana kwa jibu si uthibitisho kwamba ombi halikufika. Huenda seva imeshapokea malipo, ila taarifa ya kuthibitisha ndiyo iliyopotea njiani. Kutafuta taarifa mara mbili hakuna madhara, lakini kutuma fedha mara mbili kunaweza kumgharimu mwananchi.

Mkondo wa taarifa barabarani

Mizigo inayopita nchini kwenda nchi jirani hufuatiliwa kwa lakiri za kielektroniki zinazofungwa kwenye makontena na matangi. Tofauti na ombi linalohitimishwa kwa jibu moja, lakiri hutuma taarifa mfululizo, kidogo kidogo, safari nzima: mahali lori lilipo, saa, na iwapo lakiri imefunguliwa. Huo ndio mkondo wa data.

Katika maeneo ya milima na misitu ambako mawimbi ya simu ni hafifu, kifaa cha aina hii hutunza taarifa na kuzituma mtandao unaporejea. Kwa sababu hiyo kila taarifa hubeba muda wake, na seva huzipanga kwa kufuata saa zilipotokea, si saa zilipopokelewa. Bila mpangilio huo, lori lililokwisha kufika Benako lingeweza kuonekana limerudi Lusahunga, na dereva asiye na kosa angetakiwa kujieleza. Mpangilio sahihi humlinda dereva mwaminifu na mapato ya Taifa, kwa kuwa mzigo wa nje ukishushwa nchini kinyemela, kodi hupotea.

Wajibu wa mwananchi

Malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Namba hiyo ndiyo inayounganisha fedha iliyolipwa na ankara husika. Mtandao ukikatika wakati wa kulipa, mwananchi anashauriwa kuhakiki salio lake na hali ya ankara kwa namba hiyo hiyo kabla ya kurudia malipo au kuomba namba mpya.

Aidha, kabla ya kujaza taarifa zake, mwananchi ahakikishe kuwa anuani ya tovuti inaishia na “.go.tz”, na atunze stakabadhi pamoja na saa ya muamala. Kumbukumbu hizo humrahisishia ofisa kulipata ombi husika kwenye seva na kutoa ufumbuzi kwa wakati.