Mume Wangu Anatengeneza Shanga

Ukitaja shanga mbele ya kina dada wa Pwani, wengi watatabasamu kabla hujamaliza sentensi. Za kiunoni zina lugha yake, na kungwi wako hakukuficha. Lakini ni wangapi tumewahi kujiuliza ushanga wenyewe unatengenezwaje? Mimi najua, tena kuliko nilivyotaka kujua, kwa sababu ndiyo kazi ya jioni ya mwenzangu. Ndiyo, mwanamume mwenye ndevu zake, mchana mhasibu, jioni anakaa mbele ya moto anayeyusha kioo.

Mawifi zangu waliposikia walicheka mpaka machozi. “Kaka, siku hizi umehamia kazi za kike?” Yeye akawajibu kwa upole kwamba kutunga shanga ni kitu kimoja, na kuzitengeneza ni kingine kabisa.

Zimetoka mbali

Historia iko upande wake. Mwaka 1291 wakuu wa Venice, kule Italia, waliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa mji kuungua. Baadaye mafundi walijua kuyeyusha kioo kwa mwali wa taa ya mafuta, uliochochewa kwa mivukuto ya kukanyaga. Moto mdogo namna hiyo ulitosha kwenye meza ya nyumbani. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa shanga za kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Shanga za Venice zilifika mpaka kwetu. Mwaka 1871 Stanley, akijiandaa Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11. Unadhani alikuwa anajionyesha? Hapana. Kila nchi ilikuwa na fasheni yake. Nyeusi zilikubalika Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Nyekundu, zilizoitwa sami-sami, zilitakiwa kwingine. Ukikosea rangi, msafara wako unalala njaa. Bibi zetu hawakuanza jana kuchagua!

Mwali, kijiti na subira

Kazi yenyewe iko hivi. Fundi ana fito za kioo za rangi mbalimbali, nene kama penseli. Ana kijiti cha chuma alichokichovya kwenye uji wa udongo maalumu ukakauka, ili kioo kisigande. Anasogeza ncha ya ufito kwenye mwali taratibu, maana ukiingia ghafla unapasuka na vipande vinaruka. Kioo kikilainika kama asali anakizungushia kwenye kijiti, huku mkono mwingine unakizungusha kijiti bila kusimama. Akisimama tu, kioo kinaning’inia upande mmoja na uduara umekwisha.

Kila mtu anamuuliza kwa nini asitumie chupa za soda, zimejaa mtaani. Inawezekana, na Arusha kuna karakana iitwayo Shanga inayotengeneza vitu vizuri kwa kioo kilichokwishatumika. Tatizo ni kuchanganya. Kila kioo kinatanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Ukiunganisha viwili visivyolingana, ushanga unapoa mzuri, halafu kesho unaukuta na ufa.

Na hata usipochanganya, haifai kuuacha upoe wenyewe mezani. Nje inapoa haraka, ndani bado ni moto, na mvutano huo unaupasua leo au baada ya mwezi. Kwa hiyo shanga zinaingia kwenye tanuri dogo la umeme, kama nyuzi joto 510 hivi za Selsiasi kwa kioo hiki laini, zinatulia humo, kisha joto linashushwa polepole kwa saa kadhaa. Umeme ukikatika, mume wangu hafungui mlango hata kidogo. Zikisalimika, kesho anaanza upya. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, ndivyo anavyojifariji.

Oksijeni ndani ya nyumba yangu?

Sasa tuje kwenye penzi. Moto wa jiko hautoshi. Ana bana maalumu inayochanganya gesi na oksijeni. Siku aliponiambia anataka kuleta mtungi wa oksijeni, mtoto wetu alikuwa na miaka miwili, anafungua kila kabati. Nikasema hapana. Yeye akasikia kitu kingine: akadhani na mimi namdharau kama dada zake. Wiki mbili tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Kilichotutoa hapo ni swali lake moja. “Mama Junia, unachoogopa ni nini hasa?” Nikachukua karatasi, nikaandika: gesi kuvuja, mkono wa mtoto, moshi, pesa.

Tukajibu moja baada ya nyingine. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo mtungi unakaa nje na valvu inafungwa kila akimaliza. Wa oksijeni umefungwa mnyororo ukutani, na hakuna grisi wala mafuta yanayogusa vifaa vyake, maana mafuta na oksijeni vikikutana ni balaa. Stoo ya uani ikawekewa mlango wa chuma wenye komeo juu, mtoto hafiki. Feni inavuta hewa chafu kutoka juu ya meza kwenda nje, na dirisha la upande wa pili linaingiza safi. Kizima moto kiko mlangoni. Anavaa pamba tupu, nailoni inayeyukia mwilini, na ana miwani inayokata ule mwanga wa njano ili aone kioo vizuri. Udongo wa kwenye tundu anausugua ndani ya maji, siyo mkavu, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu.

Likabaki la pesa. Tanuri peke yake lilikuwa sawa na kodi ya miezi mitatu, na sisi tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja. Hapo sikulegea: ya kiwanja haiguswi. Akakubali. Kwa miezi saba alipiga hesabu za maduka mtaani kila Jumamosi, mpaka tanuri likanunuliwa kwa jasho lake.

Je, inalipa?

Tuseme ukweli: bado. Ushanga mmoja wenye maua unaweza kula nusu saa, na mteja anaulinganisha na wa plastiki wa Kariakoo. Wanaonunua ni wale wanaougeuza mkononi na kuona kingo za tundu zimeingia ndani, laini, hazikati uzi. Hiyo ndiyo alama ya fundi mzuri, nawe ukinunua anza kuangalia hapo. Ajira yake hajaiacha, na sijamwomba aiache.

Tumejiwekea sheria mbili. Bana ikiwaka simwiti, hata chakula kikipoa, kwa sababu akigeuza kichwa kazi imeharibika na mkono unaweza kuungua. Na Ijumaa haiwashwi. Ijumaa ni yetu.

Msomaji, pengine mwenzako hataki tanuri. Anataka kufuga kuku uani, kununua kamera, au kuacha kazi arudi chuo. Kabla hujasema hapana ya jumla, mpe orodha ya unachoogopa, kimoja kimoja. Vingine vitajibiwa kwa komeo la shilingi elfu chache. Vingine havitajibika, na hapo hapana yako itakuwa na sababu anayoweza kuielewa.

Mawifi? Mmoja ameagiza za kiunoni, nyekundu. Nimemwambia alipe kwanza.