Neno la Kiingereza "right" na Visawe Vyake: Haki, Sheria na Ruhusa

1. Utangulizi

Makala haya yana lengo la kuchunguza maana za neno moja la Kiingereza, "right", na njia za kuzieleza kwa Kiswahili. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni neno la kila siku, ambalo mwanafunzi hukutana nalo tangu masomo ya mwanzo. Pili, mojawapo ya maana zake inagusa uhuru na heshima ya mtu. Mfasiri akiikosea, anayeumia si yeye bali ni yule anayetafsiriwa. Jambo hili limekuwa zito zaidi kwetu tangu mwaka 2022, nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake uliandikwa kwa Kiingereza. Na kwa kuwa Mkongo anayesoma Kiingereza mara nyingi hupitia Kifaransa, itatubidi kutazama lugha tatu kwa pamoja.

2. Asili ya neno

Katika Kiingereza cha kale neno hili liliandikwa "riht", na maana yake ya msingi ilikuwa unyofu, yaani hali ya kitu kisichopinda. Lina undugu na neno la Kilatini "rectus" na lile la Kijerumani "recht". Kinyume chake, "wrong", kilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia, na maana yake ya awali ilikuwa "kilichopindika". Kutoka kwenye mstari, fikra ilihamia kwenye mwenendo: tendo lililonyooka likawa tendo jema, na jibu lililonyooka likawa jibu la kweli.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Sisi pia humwita mtu mwema mnyofu, kutokana na kunyoka. Na mwovu humwita mpotovu, neno lenye shina moja na kupota, yaani kusokota kamba. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja.

Lakini kuhusu mkono, njia zimeachana. Waingereza waliuita mkono wenye nguvu kwa neno lilelile la unyofu. Kiswahili kiliutazama mkono kwa kazi yake: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Wengine husema mkono wa kuume, kutokana na "-ume", kwa kuwa ndio wenye nguvu. Tukumbuke pia kwamba "kulia" ya upande na "kulia" ya machozi ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti tu: hiyo ni homonimia, si polisemia. "Right", kwa upande wake, ni polisemia halisi, kwa maana matawi yake yote yanatoka kwenye shina moja.

3. Kipimo cha kinyume

Kamusi ndogo za lugha mbili huorodhesha visawe kwa mkato, "sahihi, kulia, haki, sawa", bila kueleza kila kimoja kinafaa wapi. Tunapendekeza kipimo chepesi: mfasiri ajiulize kinyume cha neno hilo ndani ya sentensi aliyo nayo.

a) Kinyume kikiwa "kushoto", tafsiri ni "kulia" au "kuume". Hapa huingia pia siasa: mrengo wa kulia ni jina lililozaliwa Ufaransa mwaka 1789, kutokana na viti walivyokalia wajumbe katika Bunge la Taifa.

b) Kinyume kikiwa "kosa", tafsiri ni "sahihi": jibu sahihi, hesabu sahihi.

c) Kinyume kikiwa "uovu" au "dhuluma", tafsiri ni "jema", "adilifu" au "la haki".

d) Kinyume kikiwa "kisichofaa", tafsiri ni "-a kufaa" au "-nayostahili": mtu anayefaa kwa kazi, wakati unaofaa.

e) Katika hesabu, pembe ya nyuzi 90 huitwa pembe mraba, wala si pembe ya kulia.

f) Pasipokuwa na kinyume dhahiri, mara nyingi neno hilo ni la kutilia mkazo tu. Kiswahili hakihitaji kisawe hapo, bali hurudia silabi: papa hapa, papo hapo.

Kipimo hicho hutenganisha pia visawe vya Kiingereza chenyewe. "Correct" hukaa katika (b): husema kwamba jambo limefuata kanuni, bila kusema kwamba ni jema. "Just" hukaa katika (c), na "proper" katika (d). Hukumu yaweza kuwa "correct", kwa kuwa kila hatua ya utaratibu imefuatwa, bila kuwa "just". Mfasiri akiandika "hukumu sahihi" kwa yote mawili, ameifuta tofauti ambayo pengine ndiyo kiini cha rufaa.

4. Haki, sheria, ruhusa

Tumefika kwenye maana nzito zaidi: "right" kama jina, yaani kile ambacho mtu anastahili na anaweza kukidai. Tangu Tamko la Ulimwengu lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, Kiswahili kimekubali "haki za binadamu". Mitego hata hivyo imebaki, nasi tutataja miwili.

Mtego wa kwanza unatoka katika Kifaransa. "Droit" hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza hutenga: "right" na "law". Anayesoma "droit" chuoni hasomi haki, anasoma sheria. Anayeandika "haki ya kimataifa" mahali pa "sheria ya kimataifa" humfanya msomaji adhani kuna kitu cha kudai, kumbe panazungumzwa kanuni zinazofunga mataifa. Sheria ni kanuni. Haki ni stahili ambayo kanuni hiyo yaweza kuilinda au kuivunja. Raia akisema "sheria hii hainitendei haki", amesema jambo lisiloweza kusemwa na mtu aliyeyachanganya maneno hayo mawili.

Na "haki" yenyewe ni pana. Katika methali "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni", haitajwi haki ya mahakamani, bali sifa anayostahili mtu hata kama hapendwi. Hapo Kiingereza kingeacha "right" na kutumia "due".

Mtego wa pili ni "ruhusa". Kifungu cha 18 cha Katiba yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, kinataka kila anayekamatwa aelezwe sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa, na ajulishwe haki zake mara moja. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, katika kifungu cha 14, unampa mshtakiwa msaada wa mkalimani bila malipo, ikiwa haelewi au hasemi lugha ya mahakama. Sasa tulinganishe sentensi mbili: "Unaruhusiwa kupata mkalimani" na "Una haki ya kupata mkalimani". Zinaonekana kuwa sawa, lakini sivyo. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, naye aweza kuiondoa. Haki haitolewi kwa hisani. Mwenye mamlaka ndiye mwenye wajibu wa kuitimiza. Aliyeambiwa "unaruhusiwa" atashukuru akipewa na kunyamaza akinyimwa. Aliyeambiwa "una haki" atauliza kwa nini amenyimwa.

Kipimo chetu kinafaa hapa pia, kwa kukigeuza kidogo: badala ya kinyume, tutafute mwenzi. Mwenzi wa haki ni wajibu wa mtu mwingine. Pakiwapo mwenye wajibu, tuandike "haki". Pasipokuwapo, huenda ni "ruhusa", "upendeleo" au "fadhila".

5. Hitimisho

Tumeona kwamba "right" halina kisawe kimoja cha Kiswahili, wala hatupaswi kulitafutia. Kinachotakiwa ni kutambua kazi ya neno katika sentensi kwa kuuliza kinyume chake au mwenzi wake. Tunawashauri walimu wenzetu wasiwape wanafunzi orodha za maneno matupu, bali sentensi kamili zenye vinyume vyake. Kiswahili, ambacho Katiba inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, kina maneno ya kutosha kumweleza mtu anachostahili. Kazi ya mfasiri ni kuchagua lile linalomwachia nguvu ya kukidai.