Ufuatiliaji wa Afya kwa Waliopona Saratani Utotoni: Funzo Kutoka Mafia

Kisiwa kidogo cha Shungimbili kiko katika mlango wa bahari unaotenganisha Mafia na bara, upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa kikuu. Hakina hospitali. Anayeugua huko huletwa kwa boti Kilindoni, ilipo hospitali ya wilaya. Akihitaji matibabu ya kibingwa, huvuka bahari tena hadi Nyamisati, kisha husafiri kwa gari kupitia Mkuranga hadi Dar es Salaam. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, safari hiyo huweza kuahirishwa.

Kwa njia hiyo alinifikia mwanamke wa miaka 22, mke wa nahodha anayepeleka mizigo Shungimbili. Baadhi ya habari zake nimezibadilisha ili asitambulike. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba. Alikuwa akichoka haraka, miguu imevimba, na usiku hakuweza kulala ila ameegemea mito. Kwa majuma kadhaa hali hiyo ilidhaniwa kuwa uchovu wa mimba na upungufu wa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Nilipompima nikaona kovu refu tumboni, nikamuuliza asili yake.

“Nilipasuliwa nikiwa mdogo, daktari. Nilikuwa na uvimbe. Nikapona, alhamdulillahi.”

Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kilionyesha kwamba moyo wake umetanuka na unasukuma damu kwa unyonge. Kipimo cha tumbo kilionyesha figo moja tu. Faili lake la zamani halikupatikana. Aliyetufumbulia fumbo ni mama yake mzazi, aliyekuwa amemsindikiza. “Majina ya dawa siyajui, mwanangu,” aliniambia. “Nakumbuka ile dripu nyekundu. Kila akiwekewa, alikuwa akikojoa mkojo mwekundu. Nikadhani ni damu, nikalia.”

Dripu nyekundu ni doksorubisini, dawa ambayo kweli hubadili rangi ya mkojo kwa muda. Uvimbe wenyewe, kwa kila dalili, ulikuwa saratani ya figo ya watoto iitwayo uvimbe wa Wilms, ambayo hutibiwa kwa kuondoa figo iliyougua na kutoa dawa za saratani. Dawa ile iliyoshiriki kumwokoa akiwa na miaka minne ndiyo iliyoudhoofisha moyo wake, na mzigo wa mimba ukaudhihirisha udhaifu huo. Hata hivyo, kumbukumbu ya mama haikuweza kutuambia jambo moja muhimu mno: alipewa kiasi gani kwa jumla.

Ushindi unaokuja na wajibu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, hupona chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kuhakikisha kwamba angalau asilimia 60 ya watoto hao wanapona ifikapo mwaka 2030.

Afrika Mashariki si mgeni katika habari hii. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda, uvimbe ambao leo hujulikana kwa jina lake. Katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto wenye ugonjwa huo, nchini Uganda na Kenya, walipona kwa dawa pekee, wakati ambapo sehemu nyingi za dunia saratani ya mtoto ilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Hapa Tanzania, tiba ya saratani za watoto ilitolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road kabla ya kuhamia Hospitali ya Taifa Muhimbili, na leo inapatikana pia katika hospitali za kanda. Watoto wanapona. Wanarudi shuleni, wanaoa na kuolewa, wanazaa.

Kwa hiyo tunalo kundi jipya la raia ambalo vizazi vilivyotutangulia havikulijua: watu wazima waliougua saratani utotoni. Mifumo yetu imejengwa kumpokea mgonjwa na kumtibu. Haijazoea kumsindikiza aliyepona.

Kwa nini madhara hujitokeza baadaye?

Dawa za saratani na mionzi hushambulia chembe hai zinazogawanyika kwa haraka. Mwili wa mtoto unakua, na chembe zake nyingi zingali zinagawanyika na kujipanga. Baadhi ya viungo hupata jeraha dogo lisiloonekana siku ile, kisha hushindwa kazi mwili unapokuwa mkubwa au unapotwishwa mzigo mpya kama vile mimba, shinikizo la damu au uzee. Ni mfano wa ngalawa iliyogonga mwamba: hung’oa nanga na kwenda vizuri bahari ikiwa shwari, ufa hujulikana siku ya mawimbi.

Madhara hayo hutegemea aina ya tiba, kiasi chake, na umri wa mtoto alipotibiwa. Haya ndiyo makuu:

Moyo. Doksorubisini na dawa za jamii yake, pamoja na mionzi ya kifuani, huweza kudhoofisha misuli ya moyo miaka mingi baadaye. Hatari huongezeka kadiri jumla ya dawa inavyoongezeka, hususan inapofikia miligramu 250 au zaidi kwa kila mita mraba ya eneo la mwili. Miongozo ya kimataifa inashauri wenye hatari kubwa wapimwe moyo kila baada ya miaka miwili, na wenye hatari ya wastani kila baada ya miaka mitano. Mwanamke aliyepata tiba hizo anapaswa kupimwa moyo kabla ya kushika mimba, au mapema katika miezi mitatu ya kwanza.

Figo. Aliyebaki na figo moja anaweza kuishi maisha marefu yenye afya, ila figo hiyo haina msaidizi. Apimwe shinikizo la damu na mkojo kila mwaka. Ajiepushe na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo katika vijiji vyetu hununuliwa dukani bila kuuliza. Parasetamoli, kwa kipimo kilichoelekezwa, ni salama zaidi kwa figo.

Masikio. Sisplatini huweza kupunguza uwezo wa kusikia, hasa sauti nyembamba. Mtoto wa namna hiyo aghalabu husemwa kuwa mkaidi au mzito darasani, kumbe hamsikii mwalimu.

Uzazi na ukuaji. Siklofosfamidi kwa kiasi kikubwa, na mionzi iliyopita nyongani au kichwani, huweza kuathiri uzazi, kubalehe na kimo. Msichana aliyepita umri wa kuvunja ungo bila kuona hedhi aonwe na daktari, asiachiwe maneno ya mitaani.

Ubongo na masomo. Mionzi ya kichwani, na baadhi ya dawa zinazochomwa katika uti wa mgongo kutibu saratani ya damu, huweza kupunguza umakini na kumbukumbu. Mwalimu akijua, anaweza kumkalisha mtoto mbele na kumpa muda zaidi.

Saratani ya pili. Mionzi huongeza uwezekano wa saratani nyingine katika eneo lililopigwa. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya kifuani utotoni huanza kuchunguzwa matiti akiwa na miaka 25, au miaka minane baada ya mionzi, kutegemea lipi linakuja baadaye. Saratani ya jicho la mtoto, yaani retinoblastoma, nayo huweza kurithiwa: aliyepona anapozaa, mtoto wake achunguzwe macho tangu siku za mwanzo, kwani ugonjwa ukiwahiwa, uhai na hata jicho huweza kuokolewa.

Msomaji asiogope. Orodha hii haimpati mtu mmoja yote, na wengi waliopona hawapatwi na madhara makubwa. Aliyepewa dawa kidogo bila mionzi huenda akahitaji tu kuonwa mara moja kwa mwaka. Lakini hakuna awezaye kujua nani yuko katika kundi lipi bila kujua alitibiwa kwa nini na kwa kiasi gani.

Karatasi moja

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mwenye kisiwa hawezi kubebewa hospitali ya kibingwa hadi mlangoni, lakini anaweza kubeba karatasi moja. Kila mtoto anayemaliza tiba ya saratani anastahili kupewa muhtasari wa matibabu, ulioandikwa kwa lugha inayoeleweka, wenye mambo haya:

1. Jina la ugonjwa, tarehe ulipogunduliwa na tarehe ya kumaliza tiba.
2. Majina ya dawa zote, na jumla ya kila dawa yenye madhara ya baadaye.
3. Kama alipigwa mionzi: sehemu gani ya mwili na kiasi gani.
4. Upasuaji uliofanyika na kiungo kilichoondolewa.
5. Kama aliongezewa damu.
6. Vipimo anavyohitaji, kila baada ya muda gani, na dawa za kuepuka.

Wazazi, msiondoke wodini siku ya mwisho bila karatasi hiyo. Iwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na ipigeni picha kwa simu, kwa kuwa karatasi hulowa na faili hupotea. Mtoto akifikia umri wa kuelewa, aelezwe mwenyewe ugonjwa wake, maana siku moja atakwenda kliniki bila mama. Mliokwisha kuondoka bila kuipata, rudini mkaiombe. Kama faili halipo, andikeni yote mnayoyakumbuka, hata rangi ya dripu.

Kwa wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, sehemu kubwa ya ufuatiliaji huu haihitaji mitambo. Kipimo cha shinikizo la damu, kijiti cha kupimia mkojo, mizani na futi vinatosha kwa mwanzo. Kinachohitajika zaidi ni swali. Mkimwona mtu mwenye kovu kubwa la tumbo, jicho la bandia au mguu uliokatwa, muulizeni alitibiwa nini utotoni. Mjamzito akipumua kwa shida anapolala chali, msikimbilie upungufu wa damu kabla ya kuuliza habari za zamani. Hospitali ya wilaya nayo ijue mapema nani wa kupewa rufaa, ili avuke bahari kwa miadi, badala ya kuvushwa hali imekwisha kuwa mbaya.

Aibu isiyo na sababu

Kuna kikwazo kingine, nacho hakimo katika faili. Familia nyingi huficha habari ya saratani, hasa kwa binti, zikihofia kwamba hataposwa. Mgonjwa wangu alikuwa amenyamaza kwa miaka kumi na minane. Hata mumewe alijua kovu tu, asijue chanzo chake. Ninaielewa hofu hiyo. Saratani haiambukizi, na watoto wengi wanaougua hawakuirithi kwa yeyote. Kumwambia mkunga si kutangaza siri. Siri ya mgonjwa ni amana, na mkunga ana wajibu wa kuitunza. Linaloweza kumdhuru binti katika ndoa yake ni moyo uliodhoofika bila mtu kujua.

Mgonjwa wangu alijifungua salama mtoto wa kike, chini ya uangalizi wa madaktari wa moyo na wa uzazi. Laiti tungalimpima mapema, tungalianza tiba kabla ya mimba; baadhi ya dawa bora za moyo hazitumiki wakati wa ujauzito kwa sababu humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo tulimtibu mikono yetu ikiwa nusu imefungwa. Hadi leo anatumia dawa, na huenda akazitumia maisha yake yote.

Siku aliporuhusiwa tulimwandikia muhtasari wake. Mbele ya doksorubisini, mahali pa kiasi, tuliandika: “Hakijulikani.” Aliukunja, akautia ndani ya mfuko wa nailoni usiopenya maji, akamkabidhi mumewe. Nahodha aliuweka mahali anapoweka leseni ya chombo chake.